Fishi zisizolegea: shajara ya tabaka la kauri, Lubumbashi

12 Februari

Leo tumeanza kazi, mimi na Papa Fundi, katika chumba cha nyuma cha karakana yake huku Kamalondo. Tuna meza mbili, mizani ya kupima hadi sehemu ya kumi ya miligramu tuliyoazimwa, betri tatu za gari, na tanuri dogo la umeme linalofika nyuzi 1200. Tanuri lenyewe liko kwa rafiki yetu anayepima sampuli za mawe ya shaba. Tutakuwa tunakwenda nalo zamu.

Wazo lilitoka kwa daktari wa mifupa ambaye sote tunamwita Papa Daktari. Mwezi uliopita alinionyesha mguu wa kijana mmoja manseba (dereva wa pikipiki ya abiria), aliyegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki yake. Mfupa wa muundi ulivunjika ukatoboa ngozi, kwa hiyo hakuwekewa bamba ndani. Alifungiwa fiksateri: vyuma vinne vimepita ngozi na kuingia mfupani, na fimbo moja nje inavishikilia. Vyuma hivyo hospitalini huitwa fishi. Ilikuwa juma la tisa. Papa Daktari alishika fishi ya juu kwa vidole viwili, akaitikisa polepole, nayo ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Kando ya tundu kulikuwa na usaha.

«Mama Enjenia,» aliniambia, «mfupa haujaunga, na chuma kimekwisha kuachia. Nikikitoa, mguu unakosa egemeo. Nikikiacha, usaha unashuka mfupani.»

Fishi hulegea kwa sababu mfupa huzunguka chuma kitupu bila kukishika. Mara nyingi kati yao hujengeka utando laini, na utando huo ndio mlango wa vijidudu. Fishi zilizopakwa haidroksiapatiti, kauri ya madini yanayofanana na ya mfupa, zimekuwa zikitumika nchi nyingine kwa miaka mingi, na zikipimwa wakati wa kufunguliwa huonekana zimeshika kwa nguvu kubwa kuliko zisizopakwa. Mfupa ukikuta madini ya namna yake mwenyewe juu ya chuma, hujenga moja kwa moja juu yake. Sisi tunataka kujua kama tabaka hilo linaweza kutengenezwa hapa, kwa vitu vilivyopo hapa, na likashika kweli.

Haidroksiapatiti ni kalisi na fosfati. Kwa kila atomu kumi za kalisi kuna sita za fosforasi, yaani uwiano wa 1.67. Nimeiandika namba hiyo kwa chaki juu ya mlango.

20 Februari

Mifupa ya paja ya ng'ombe, kutoka kwa wachinjaji. Tumeichemsha siku mbili juu ya makala (makaa), tukibadilisha maji kila mafuta yalipopanda. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1200 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kazi ya kutoa mafuta huchukua muda zaidi. Ni afadhali kuyatoa sasa. Mafuta yakibaki, tanuri hujaa moshi na majirani hugonga mlango.

Baada ya kukausha tulipata kilo mbili. Tukachoma hadi nyuzi 900, tukashikilia hapo saa tano.

Nilichungulia mara tatu. Mara ya kwanza vipande vilikuwa vyeusi kabisa, kwa sababu nyama na kolajeni, ile protini ya mfupa, vimegeuka makala. Mara ya pili vilikuwa vya kijivu. Mara ya tatu vilipaswa kuwa vyeupe kama chaki. Havikuwa. Vilikuwa vyeupe katikati, lakini pembeni, pale vilipogusa chungu, kulikuwa na kivuli cha kijivu kisichokwisha hata tulipoongeza saa mbili.

22 Februari

Nimepeleka unga kwa rafiki yetu, naye akaupiga kwa ile mashine ya eksirei ya mkononi ambayo kwa kawaida anailenga kwenye mawe. Kioo kikasoma kalisi nyingi, fosforasi, halafu shaba. Na kobalti.

Chungu tulichotumia kilikuwa kimewahi kuchoma sampuli za mgodi. Tulikisugua, lakini udongo wa chungu hunywa, na kilichonywewa hutoka tena kwa moto. Katika mji huu vumbi la shaba na kobalti liko kila mahali: kwenye madirisha, kwenye viatu, kwenye mikono ya watu. Kobalti yetu ikichanganywa na kromiamu hutengenezwa viungo bandia vya nyonga na goti, na humo inafaa. Lakini ikiwa chembechembe ndani ya kauri inayoyeyuka polepole mwilini, ni sumu kwa chembe hai zinazotakiwa kujenga mfupa.

Kilo 1.3 ya unga, kazi ya juma zima. Tumeumwaga, na Papa Fundi hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

5 Machi

Tumeanza upya. Vyungu vipya ambavyo havitagusa kitu kingine chochote. Tanuri tumelifagia, tukalichoma tupu kwenye nyuzi 1100 kwa saa nne, na ndani tumetandika kigae kipya. Meza inapanguswa kwa kitambaa kilicholowa kila asubuhi kabla ya kufungua chombo chochote. Viatu vinabaki nje.

Safari hii mifupa imetoka myeupe. Ukigonga kipande kwa ukucha kinalia kama kigae. Shaba haionekani tena kwenye mashine. Kalisi na fosforasi tumezipimisha kwa kemia ya maji, na uwiano ni 1.70. Mifupa ya kweli huwa na sodiamu, magnesiamu na kaboneti kidogo ndani yake, kwa hiyo sikutarajia 1.67 kamili. Nimefurahi sana.

17 Machi

Tabaka la kwanza juu ya chuma.

Chuma ni cha pua, aina ya 316L. Watu wa viwanda vya shaba wanakijua vizuri, kwa sababu katodi ambazo shaba inashikia kwenye matangi hutengenezwa kwa aina hiyohiyo, na vipande chakavu havikosekani. Cha kupandikizwa mwilini husafishwa zaidi na viwango vyake ni vikali zaidi, lakini kwa majaribio chakavu kinatosha. Papa Fundi alikata vipande vya milimita 20 kwa 20.

Tuliusaga unga siku tatu mpaka ukawa laini kama ule wa muhogo uliochekechwa mara mbili, tukauchanganya na alkoholi. Kisha betri tatu za gari tukaziunga mfululizo: volti 36, na hakuna wa kutukatia. Chembe za unga ndani ya alkoholi huwa na chaji chanya, kwa hiyo kipande chetu tumekiunga upande hasi. Nyaya zote zilifungwa kabla ya chombo cha alkoholi kuletwa mezani, na ndoo ya mchanga ilikuwa pembeni. Dakika tano. Unaona kwa macho: wingu jeupe linasogea, chuma kinavaa shati.

Baada ya kukauka lilikuwa tabaka zuri, sawia, bila hata kitundu. Nikalipitisha ukucha. Likatoka lote, kama chokaa ya ukuta uliopakwa wakati wa mvua.

19 Machi

Ni lazima lichomwe ili chembe zishikane. Na hapa ndipo tatizo lenyewe lilipo, nami naliandika kwa urefu kwa sababu kila mtu anayeingia karakanani ananiuliza kwa nini nisiongeze moto tu.

Haidroksiapatiti huanza kushikana vizuri karibu na nyuzi 1100 hadi 1200. Ukiipandisha zaidi ya hapo huanza kuvunjika na kugeuka fosfati nyingine zinazoyeyuka haraka mwilini. Titani, ambayo ndiyo tunayoitaka mwishowe kwa kuwa mwili unaivumilia vizuri, ikichomwa hewani kupita nyuzi 800 hivi hunywa oksijeni, na ngozi yake inakuwa ngumu, ya kuvunjika. Kwenye nyuzi 882 mpangilio wa ndani wa titani safi hubadilika kabisa. Kauri inataka moto ambao chuma chake hakiuwezi.

Halafu kuna kupoa. Chuma cha pua hunywea kuliko kauri, kwa hiyo tabaka linabanwa mpaka linainuka. Titani hunywea kidogo kuliko kauri, kwa hiyo tabaka linavutwa mpaka linapasuka.

Viwanda vikubwa hukwepa mtego huu kwa plazma: unga hurushwa kupitia mwali unaozidi nyuzi 10,000, chembe zinayeyuka zikiwa hewani na kupiga juu ya titani, nayo titani haipati moto mwingi. Mtambo wa namna hiyo hatuna.

2 Aprili

Chuma cha pua, kimepigwa mchanga mpaka kikwaruze, tabaka jembamba, nyuzi 900, saa moja. Kimetoka na magamba meusi chini ya kauri. Kauri imeshikana na magamba, lakini magamba hayakushikana na chuma.

3 Aprili

Hivyo hivyo.

9 Aprili

Papa Daktari amepita. Ameuliza tabaka linatakiwa kushika kiasi gani. Nikamwambia kiwango cha kimataifa cha tabaka za haidroksiapatiti, ISO 13779, kinataka lisivunjike kabla ya megapaskali 15 linapovutwa. Alitaka kujua maana yake. Tukapiga hesabu na Papa Fundi juu ya mlango, chini ya ile 1.67: gundisha tabaka kwenye kiduara cha kipenyo cha milimita 25, kisha tundika chini yake mifuko kumi na tano ya sementi ya kilo hamsini. Ikining'inia bila kuachia, umefika.

Papa Daktari alikitazama kile kiduara kwa muda mrefu.

15 Aprili

Nimefikiria kioo hai kama gundi, kile alichobuni Larry Hench kule Florida mwaka 1969. Kina silika asilimia 45, soda na chokaa asilimia 24.5 kila kimoja, na oksidi ya fosforasi asilimia 6. Hulainika kwenye moto mdogo kuliko unaohitajiwa na kauri yetu, na hushikana na mfupa. Lakini kukitengeneza kunataka kuyeyusha kwenye nyuzi zaidi ya 1300, na tanuri letu linaishia 1200. Nimeweka kando.

6 Mei

Nimekaa majuma mawili bila kuchoma kitu. Nimesoma tu, usiku, na kurudi kwenye swali la msingi: mwili wenyewe hutengenezaje madini haya? Hauna tanuri. Hutengeneza kwenye nyuzi 37, ndani ya maji yenye chumvi.

Profesa Kokubo na wenzake huko Japani walionyesha njia hii tangu miaka ya 1990. Titani hulowekwa kwenye soda kali (hidroksidi ya sodiamu) ya nyuzi 60 kwa saa 24, kisha huchomwa nyuzi 600 kwa saa moja tu. Juu yake hubaki ngozi nyembamba ya titanati ya sodiamu, yenye vinyweleo, na ngozi hiyo imeota kutoka kwenye titani yenyewe. Haikubandikwa, kwa hiyo hakuna mpaka wa ghafla wa kuachia. Ukiiweka kwenye maji yaliyofanana na maji ya damu, sodiamu hutoka, kalisi huvutwa ije, fosfati hufuata, na apatiti, madini ya namna ya mfupa, huanza kuota juu yake polepole.

Nyuzi 600. Titani inaziweza bila shida.

Nimemwamsha Papa Fundi kwa simu saa tano usiku. Alidhani kuna msiba.

13 Mei

Titani safi ya daraja la 2, bati la milimita 2, vipande sita. Soda kali tumeipima gramu 200 kwa lita, ndani ya chupa ya plastiki, na glovu na miwani hazikutoka mwilini. Umeme ulikatika saa nne usiku. Tukahamishia chupa kwenye sufuria ya maji juu ya mbabula (jiko la makala), Papa Fundi akikaa na kipimajoto, akiongeza na kupunguza makala mpaka alfajiri. Ilicheza kati ya nyuzi 57 na 64. Nimeiandika hivyo ilivyo.

Vipande vimeacha kung'aa. Vina rangi ya jivu, na tone la maji likiangukia juu yake halikai mviringo, linatandaa papo hapo kama kwenye kitambaa.

21 Mei

Maji ya mfano wa damu. Kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 8.035, bikaboneti ya sodiamu 0.355, kloridi ya potasiamu 0.225, fosfati ya potasiamu 0.231, kloridi ya magnesiamu 0.311, asidi mililita 39, kloridi ya kalisi 0.292, salfeti ya sodiamu 0.072, halafu Trisi (dawa ya kutuliza pH) gramu 6.118 kidogo kidogo mpaka pH, kipimo cha ukali wa asidi, isimame 7.40 kwenye nyuzi 36.5. Mpangilio huo haubadilishwi, kwa sababu ukitia kalisi kabla ya asidi, yote hutua chini.

Nilifuata kila kitu. Asubuhi chupa ilikuwa na maziwa.

24 Mei

Nimejua sababu. Chupa ilikuwa ya kioo, ya zamani, yenye mikwaruzo ndani. Maji haya yamejaa madini kupita kiasi chake, yanangoja tu mahali pa kuanzia, na mkwaruzo mmoja wa kioo unatosha. Apatiti yetu ilikuwa imeota kwenye chupa badala ya titani.

Kwa hiyo jambo lenyewe linafanya kazi! Limekosea tu mahali pa kuota. Tumenunua chupa za plastiki mpya.

3 Juni

Nyuzi 36.5, majuma mawili mfululizo, katika mji huu na umeme huu. Nilihangaika siku tatu. Jibu limetoka kwa mama mmoja wa Katuba anayefuga kuku: kuvezi ya kutotoa vifaranga, inayotumia betri, iliyotengenezwa kukaa nyuzi 37.7 siku ishirini na moja. Tumeishusha kidogo kwa kitufe chake. Alitukodishia kwa bei ya chini na sharti moja, kwamba tusiirudishe na harufu ya dawa.

Kila kipande kina eneo la milimita za mraba 960, na kanuni ni kugawanya kwa kumi, kwa hiyo mililita 96 za maji kwa kila kimoja. Tunabadilisha maji kila siku ya pili, maana madini yakipungua kuota kunasimama.

11 Juni

Baridi ya kiangazi imeanza. Usiku kuvezi ilishuka hadi nyuzi 33. Tumeifunga blanketi mbili na makoti ya Papa Fundi.

18 Juni

Siku ya kumi na nne. Nilikitoa kipande cha kwanza kwa koleo la plastiki, nikakisuuza, nikakiacha kikauke kivulini.

Kuna ukungu mweupe juu yake. Mwembamba sana, haufichi mikwaruzo ya titani iliyo chini. Nikapitisha ukucha, mara moja, mara mbili, kwa nguvu. Haukutoka. Nikabandika utepe wa gundi, nikauvuta kwa ghafla, nikautazama dhidi ya dirisha: safi. Papa Fundi akauchukua mkononi mwangu, naye akautazama.

Mizani inasema nyongeza ya miligramu 6.8. Kwa hesabu yangu ni tabaka la maikromita chache tu, wakati la plazma hufika 50 na zaidi. Kati ya vipande sita, vitano vimefanana. Cha sita kina doa tupu pale kilipogusa ukuta wa chupa.

30 Juni

Fishi. Papa Fundi amekereza tatu kutoka fimbo ya titani, kipenyo cha milimita 5, akazikata hesi kwa mkono. Soda, tanuri, maji, kuvezi, kwa utaratibu ule ule. Safari hii tunazining'iniza kwa uzi wa nailoni ili zisiguse popote.

15 Julai

Jaribio nililoliogopa. Kushika kwenye utepe ni jambo moja, fishi huingizwa mfupani kwa kuzungushwa kwa nguvu. Tumepata paja la ng'ombe la asubuhi hiyo, Papa Daktari mwenyewe akatoboa tundu dogo kuliko fishi, kama anavyofanya chumba cha upasuaji, akaizungusha ndani mpaka ikatokea upande wa pili. Kisha akaifungua.

Tuliiosha, tukaiweka chini ya hadubini. Ndani ya mabonde ya hesi tabaka lipo, zima, lina hata chembe za mfupa zilizonasa. Kwenye ncha za hesi titani inaonekana wazi, inang'aa. Limekwaruzwa.

Papa Daktari aliinua macho kutoka kwenye hadubini. «Mabonde yanatosha kuanza,» alisema. «Yule kijana yuko kitanda cha nne bado. Lini, Mama Enjenia?»

Nimemjibu kwamba si sasa. Hatujavuta hata kipande kimoja kwenye mashine ya kupima megapaskali. Hatujaona tabaka linafanywa nini na mvuke wa kusafishia vyombo vya upasuaji. Chembe hai hazijawekwa juu yake kama ISO 10993, kiwango cha usalama wa vifaa vinavyogusa mwili, inavyotaka, na baada ya hapo bado kuna wanyama, na kamati ya maadili. Alinyamaza. Anayajua yote hayo kuliko mimi, lakini yeye ndiye anayepita kitanda cha nne kila asubuhi.

16 Julai

Papa Fundi ana pendekezo: ncha za hesi zisiwe kali. Akizipunguza kwa duara kidogo, na tundu likapanuliwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, mkwaruzo utapungua. Ameanza kukereza fishi ya nne. Mimi nimepima chumvi za lita mbili. Kuvezi tunatakiwa kuirudisha mwisho wa mwezi, nimekwenda Katuba kuomba majuma mawili zaidi, na mama yule ameniambia niichukue, mayai yake yatasubiri baridi iishe.

Usiku, nyuzi 36.4. Fishi mbili majini.